Ngeli ya Meneja

Mlango wa Bluu, Ghorofa ya Pili,
Nyuma ya Duka la Vitabu,
S.L.P. 417.

Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa mezani jikoni, mguu mmoja juu ya kigoda kwa sababu utakazozielewa mbele, na kabla sijasema lolote nataka kujua hali yako. Kile kikohozi ulichokitaja kimekuachia? Presha unapima, au bado unamwambia daktari kuwa mwili ni wako na unaujua mwenyewe? Shemeji naye vipi, bado anashikwa na usingizi kabla msomaji hajafika ukurasa wa pili? Kama unamsomea hii, mpige kiwiko sasa hivi.

Sisi huku hatujambo. Wifi yako yu mzima, bado anagonga mihuri pale posta, na kila jioni anarudi na wino vidoleni na habari za mtaa mzima kichwani. Mimi ni mzima ukiondoa goti, tumbo na nywele. Goti linauma, tumbo linaongezeka, nywele zimeshaaga. Miaka ishirini na miwili ya kufundisha Kiswahili sekondari imenipa mgongo uliopinda na jina la utani, Ngeli. Wanafunzi wanadhani silijui. Wananiita hivyo nikiwa bado nimesimama mlangoni.

Binti yetu Meneja hajambo kuliko sisi sote. Alitimiza miaka tisa mwezi wa Desemba, na kile cheo ulichompa mwenyewe, siku ile alipovipanga viatu vyetu kwa ukubwa na kukuuliza cha kushoto kimoja kiko wapi, kimemganda kabisa. Majirani hawakumbuki tena jina lake la kwenye cheti.

Katika barua yako uliuliza, kwa ule ukali wa kifungua mimba, kama shule iliyo jirani nasi imemchukua mwanao au wametuzungusha kama ile ya kwanza. Jibu lipo, Dada. Lakini nakujua: unaanza kusoma barua kwa ukurasa wa mwisho, kisha unarudi mwanzo ukiwa umeshajua nani kafa na nani kaoa. Safari hii nakuomba uende nami taratibu. Tumengoja mwaka mzima na nusu. Wewe huwezi kungoja kurasa tano?

Kwanza nikueleze anavyoongea, maana ulipoondoka maneno yake yalikuwa ya kuhesabu kwa vidole. Sasa anaongea kutwa. Ila kwa Meneja hakuna vitu duniani, wapo watu tu. Kijiko ameanguka. Mlango amekataa. Sabuni ameingia machoni, mbaya sana huyu. Ngeli zote nilizokesha nazo chuoni, ya ki na vi, ya li na ya, ya u na i, yeye amezifuta akabakisha moja tu, ya a na wa, na humo ameingiza sufuria, mvua, soksi na siku za juma. "Jumatatu amerudi," hutuambia kila wiki, kwa sauti ya mtu aliyefikiwa na mgeni asiyempenda.

Nilijaribu kumsahihisha. Mimi si ndiye mtaalamu? Nilikata kadi, nikaandika kwa herufi kubwa, nikazibandika ukutani kwa kufuata ngeli. Alizitazama kwa muda mrefu huku amekunja mikono, akasema, "Kadi wamejipanga." Nikanyoosha mikono.

Kibaya ni kwamba jambo lenyewe linaambukiza. Juzi wifi yako sokoni alimwambia muuza mboga, "Vitunguu wako leo wamechoka," na hakujua alichosema mpaka alipoona foleni nzima inamtazama. Na mimi, Dada, mimi Ngeli, nilisimama mbele ya kidato cha tatu, mkaguzi amekaa nyuma kabisa na daftari lake, nikanyoosha kidole ubaoni na kutamka kwa kujiamini, "Sentensi huyu amekosewa." Darasa lilipasuka kwa kicheko. Mkaguzi aliandika kitu kirefu.

Sasa nikueleze habari za watu tusiowajua, maana ndio wanaojaza siku zetu. Ukiongozana na Meneja huwezi kupita kimyakimya. Wengine wanatabasamu kupita kiasi. Wengine wanamtia peremende mkononi bila kuuliza, kama mtu anayelisha njiwa. Na wengi wao wanaongea naye kupitia kwangu, kana kwamba mimi ni dirisha la benki na yeye yuko upande wa ndani.

Lakini linalonichoma ni kineno kidogo sana, ki. Hiki kinaumwa nini? Kinasikia? Kinakula chenyewe? Sisemi kila ki ni tusi. Mama mkwe wangu humwita "kitoto changu" na unasikia asali ikidondoka. Ila ipo ki ya mapenzi na ipo ki ya kiti na kisu, na sikio la mwalimu wa ngeli linazitofautisha kutoka mbali.

Chukua yule bwana wa duka la dawa. Alikuwa mgeni hapa, koti lake jeupe bado lina mikunjo ya kiwandani. Tuliingia, akamtazama Meneja juu mpaka chini, akaniuliza mimi, "Kinaumwa nini?"

Kabla sijafungua mdomo, Meneja alikwishaegemea kaunta. "Mimi siumwi. Mgonjwa ni baba. Goti amevimba, na hataki kupunguza kula."

Yule bwana akanitazama, akalitazama tumbo langu, kisha akamgeukia Meneja. "Tangu lini?"

"Jumapili. Alitaka kucheza mpira na watu wadogo."

Wakaendelea hivyohivyo mpaka mwisho, wao wawili, mganga na mlezi wa mgonjwa, nami nimesimama pembeni kama kile kitu cha ki. Maelezo ya vidonge alipewa yeye. Kutwa mara mbili, baada ya chakula. Wiki nzima hakunikosesha hata kimoja, na nilipodai kwamba nimepona alisema atamuuliza bwana wa dawa kwanza. Siku hizi yule bwana akituona anasema, "Meneja, mgonjwa wako anaendeleaje?" Wala hanisalimii.

Wapo wa kutuhurumia. Siku moja tumekaa kwenye benchi la kituo cha basi, mama mmoja akaniinamia na kuninong'oneza kwa uchungu, "Pole sana, kaka yangu." Meneja akadakia, "Asante, tumeshapoa," kama alivyofundishwa na mama yake kujibu. Kisha akamshika yule mama goti. "Na wewe pole." Mama akashtuka, pole ya nini? "Uso amenuna," Meneja akamwambia. Yule mama alicheka mpaka akatoa leso. Alitueleza kwamba siku ile tangu asubuhi hakuwa amecheka, na basi lilipofika alimpa Meneja mkono kwanza, mimi baadaye.

Ningependa kukuambia kwamba wote wanaishia hivyo. Hawaishii hivyo. Mwaka jana kwenye kiwanja cha watoto Meneja alipanda bembea, na papo hapo mwanamke mmoja akamnyanyua mwanawe kutoka bembea ya pili, akaondoka naye haraka akimfuta mikono. Meneja alishuka, akaikagua ile bembea iliyoachwa, akavuta minyororo, akaniuliza, "Bembea ana nini?" Nikamwambia hana kitu. Nilirudi nyumbani nikitunga hotuba kali, nzuri kupita zote nilizowahi kutunga, na mwanamke mwenyewe alikuwa ameshafika kwake anapika.

Daktari alitueleza tangu mwanzo kwamba hali ya Down, aliyozaliwa nayo, si upungufu, ni kromosomu moja ya ziada. Huwa nawaambia watu hivyo wakinikera: ninyi mnamwona amepungukiwa, kumbe hesabu inasema amewazidi.

Basi, tuje kwenye shule. Ile ya kwanza walituambia fomu zimekwisha. Tukarudi, wakasema mwalimu anayehusika hayupo. Tukarudi tena, wakasema nendeni, tutawaandikia. Wifi yako anafanya kazi posta, Dada. Mwaka mzima alipekua magunia ya barua kwa mikono yake mwenyewe. Hawakuandika.

Hii ya jirani ni ya mwisho tunayoweza kumfikisha kwa miguu. Kengele yake inasikika chumbani kwetu, na kila asubuhi ikilia, Meneja alikuwa anasimama dirishani akisema, "Ananiita." Umri nao ulikuwa unakwenda. Mwalimu mkuu alikubali kumwona mara moja, Jumanne, saa nne asubuhi, mwanzoni mwa Februari. Akikataa, hatukuwa na pengine pa kubisha hodi.

Sare nilimshoneshea kabla ya siku hiyo. Wifi yako alisema ni mkosi, mimi nikasema ni mkakati. Fundi alipotuona akashusha miwani. "Hiki kinavaa saizi gani?" Meneja akapanda mwenyewe juu ya kigoda cha kupimia, akanyoosha mikono kama ndege. "Tepu yuko baridi," akalalamika, halafu akaanza kutoa maagizo. Sketi isimfunike goti. Mifuko wawe wawili, huyu wa leso, huyu wa siri.

"Siri gani, bosi?" fundi akauliza, pini mdomoni.

"Siri."

Fundi alimaliza kupima, akaandika kwenye karatasi, kisha akaniambia, "Mteja wangu huyu anajua anachotaka. Nimeshonea maharusi wasiojua." Huyu. Niliisikia vizuri, nikamshukuru kupita kiasi mpaka akanishangaa.

Siku yenyewe wifi yako hakupata ruhusa kazini. Alipiga simu mara tatu kabla hatujafika getini, mara ya tatu kuuliza kama nimechana nywele. Nywele zipi, Dada?

Mwalimu mkuu ni mama mwembamba, miwani yake inaning'inia kwenye mnyororo, na meza yake ni safi mpaka unaogopa kuweka kiwiko. Mbele ya meza palikuwa na viti viwili. Meneja alivizunguka kwanza, ndiyo desturi yake, akaonyesha kile cha kulia. "Baba, usimkalie huyu. Mguu anamuuma." Nikamwambia kwa ile sauti ya mzazi aliye mbele ya watu, "Kaa vizuri, Meneja," nikakikalia. Akakaa kwenye kile kingine, mikono magotini, akawa anakitazama kiti changu kwa huruma.

Mwalimu mkuu alifungua faili, akaniuliza, "Kinaweza kushika kalamu?"

Dada, swali hilo nilikuwa naliwinda kwa wiki tatu. Jibu nililifanyia mazoezi kila nikinyoa ndevu: Samahani, Mwalimu, umekosea ngeli. Fupi, kali, lenye adabu. Nilivuta pumzi nilitoe. Sikulitoa.

Nilikumbuka kitu ambacho sijawahi kumwambia mtu, hata wifi yako. Siku Meneja alipozaliwa nilikuwa kwenye ukumbi wa hospitali. Muuguzi mmoja mtu mzima alitoka nje akiwa amembeba, akanieleza polepole kile ambacho daktari alikihisi, na kwamba moyo wake nao ungehitaji kuangaliwa. Na neno langu la kwanza kabisa juu ya mwanangu, mimi mwalimu wa ngeli, lilikuwa, "Kitaishi?" Kitaishi, Dada. Yule muuguzi hakunigombeza. Alinitazama tu, akamweka mikononi mwangu, akasema, "Ataishi, baba yake." Alinisahihisha kwa silabi moja, wala hakuniaibisha.

Basi nikamjibu mwalimu mkuu kama nilivyojibiwa mimi. "Anaweza, Mwalimu."

Akamsogezea Meneja karatasi. "Haya. Aandike jina lake."

Meneja akaandika MENEJA, herufi ya J imegeukia ukutani. Mwalimu akaangalia fomu, akaangalia karatasi, akasema hapa pana jina lingine. Nikamweleza kwamba lile ni la cheti, hili ni la kazi. Akamwambia ahesabu. Akahesabu mpaka ishirini, isipokuwa kumi na tano aliyemruka, na alipoulizwa akasema, "Hajaja." Kisha picha. Hii ni nini? "Huyu ndoo. Anavuja." Na hii? "Huyu kofia. Amelala."

Mwalimu mkuu alikuwa anaandika. Mwalimu yeyote anajua kusoma maandishi yaliyopinduka, na mimi nilisoma "hazingatii ngeli" na chini yake mstari mwingine ambao sikuuona vizuri. Nikainama mbele kidogo ili niuone.

Kiti kililia mara moja tu. Nilijikuta chini, tumbo juu, faili la shule limenifunika uso, na goti limekunjika upande ambao Mungu hakuupanga.

"Mungu wangu! Ameumia?" mwalimu mkuu akapiga kelele.

"Ndiyo," Meneja akamjibu kwa utulivu. "Mguu ametoka."

"Ametoka?"

"Wote. Yuko kule chini ya meza."

Dada, yule mama alishika ukingo wa meza akawa anaogopa kuchungulia. Akaita ukumbini kwa sauti ambayo nadhani hata wifi yako aliisikia kule posta, na walimu wawili wakaja mbio na sanduku la huduma ya kwanza. Mimi nilikuwa najaribu kusema ni wa kiti, ni wa kiti, lakini mtu aliyekatika pumzi hasikiki. Mguu wa kiti na mguu wa baba, kwa Meneja wote ni a, na hapo ndipo ungeelewa kwa nini nimetumia maisha yangu kuzifundisha ngeli. Mwishowe Meneja mwenyewe aliingia chini ya meza, akatoka na ule mguu, msumari ukiwa umechomoza, akamkabidhi mwalimu mkuu kwa mikono miwili. "Nilimwambia. Baba hasikii."

Mwalimu mkuu aliushika ule mguu akautazama. Kisha mabega yakaanza kutikisika. Alicheka bila sauti, miwani ikaanguka ikabaki inabembea kwenye mnyororo. Wale walimu wawili walisimama na bandeji zao wasijue pa kuzifunga. Aliponyamaza alisema kwamba wageni wamekikalia kiti kile tangu shule ifunguliwe, wazazi, wakaguzi, hata fundi seremala mwenyewe, na hakuna hata mmoja aliyeona.

Nikadhani tumeshinda. Lakini akafuta macho, akakaa, akafunga faili.

"Nitakwambia ukweli, mwalimu mwenzangu. Sijawahi kuwa na mtoto kama huyu. Walimu wangu hawakufunzwa. Darasa lina watoto arobaini. Naogopa kumchukua kisha nikamharibia." Akasogeza faili pembeni. "Nendeni nyumbani. Tutawaandikia."

Sikumlaumu, naomba uelewe hivyo. Alisema kwa uso wa mtu anayeumia. Ila neno lile nalijua, na nilihisi uzito wake kuanzia mabegani mpaka kwenye goti. Nikaanza kujiinua, nikishika meza.

Meneja alikuwa ameshasimama. Alinyoosha sketi yake mpya, akahakikisha mfuko wa siri bado upo, akamwendea mwalimu mkuu upande wake wa meza, mahali ambapo wageni hawaendi. Hakuniangalia mimi hata kidogo.

"Darasa langu yuko wapi?"

Mwalimu mkuu alimtazama. Ndiyo mara ya kwanza alimtazama yeye, si mimi, si faili. "Li..." akaanza, kama ambavyo ningeanza mimi. Akaishia hapo.

"Yuko kule mwisho," akasema, "karibu na bomba. Njoo nikupeleke."

Akamshika mkono, wakatoka. Nami nikawafuata nyuma nikichechemea, na wale walimu wawili nyuma yangu na sanduku lao. Ungedhani ni maandamano.

Darasani palikuwa na kelele, kisha vichwa vyote vikageuka. Mtoto mmoja wa dawati la mbele, mwenye pengo la meno mawili, akauliza kwa sauti ya juu, "Huyu nani?" Akamtazama vizuri. "Mbona macho yako yako hivyo?"

"Mbona meno wako wametoroka?" Meneja akamuuliza.

Darasa zima likaangua kicheko, na mwenye pengo akacheka kuliko wote. Akasogea kwenye dawati, akapiga mbao kwa kiganja. "Kaa hapa." Mwalimu wa darasa, binti mdogo ambaye ningeweza kuwa nimemfundisha, akachukua daftari la mahudhurio na kuandika jina, kwa wino, namba arobaini na moja. Mimi nilibaki mlangoni nikisubiri kuhitajika. Hakuna aliyenihitaji. Meneja akageuka. "Baba, nenda kazini."

Niliwahi kusimama mbele ya watu kupokea cheti cha ualimu bora wa wilaya. Sikumbuki nilikiweka wapi. Ile "nenda kazini" naisikia mpaka leo.

Sasa ni wiki ya tano. Sitakudanganya kwamba ni asali tupu. Wiki ya pili alilala darasani siku tatu mfululizo. Kuna watoto wawili waliokuwa wanaigiza anavyotoa ulimi, mpaka mwenye pengo alipowaonya, na njia aliyotumia kuwaonya sitaiandika. Kuandika kunamchosha, mkono unamuuma, na anakaa mezani saa nzima kwa mistari mitatu. Mwalimu mkuu hupita kila Ijumaa kuchungulia, na fundi seremala ameitwa kukagua kila kiti cha shule, Meneja akiwa msimamizi.

Alhamisi iliyopita alirudi na daftari la Kiswahili. Alikuwa ameandika sentensi yake mwenyewe: Kalamu ameisha. Juu yake palikuwa na mkasi mwekundu, ile X ya kosa, mkubwa, kutoka kona hadi kona, na kwa mwandiko mzuri wa yule binti mwalimu wa darasa: imeisha. Andika mara tano.

Wifi yako alinywea. Alishaanza kutafuta viatu, aende akamuulize yule mwalimu kama haoni, kama hajui. Mimi nililichukua daftari nikalipeleka dirishani kwenye mwanga. Dada, kwa miaka tisa watu wamekuwa wakimpongeza mtoto huyu kwa kufunga viatu. Hongera kwa kusema asante, hongera kwa kupanda ngazi, hongera kwa kula na kijiko. Ukiondoa zile kadi zangu nilizoziacha njiani, hakuna aliyewahi kujisumbua kumwambia kwamba amekosea, kwa sababu hakuna aliyetegemea apate. Yule binti alimkata kama anavyowakata wale arobaini wengine, akageuza ukurasa, akaendelea na wa pili. Wifi yako alinitazama akaona ninavyotabasamu na macho yamelowa, akavirudisha viatu mahali pake.

Siku ya pili yake nilipita na daftari lile kwa fundi cherehani, na kwa bwana wa dawa, na nikalipeleka hata chumba cha walimu shuleni kwangu, nikawaonyesha kosa la binti yangu kama mtu anayeonyesha picha za harusi. Walinipongeza. Mmoja aliniuliza kama goti limenipanda kichwani.

Jioni ile ile alipolileta daftari, Meneja aliandika mara tano, ulimi nje, pua karibu iguse karatasi. Imeisha. Imeisha. Ya nne aliifuta akairudia. Alipomaliza alinisomea zote kwa sauti ya mkuu wa shule, akaitazama kalamu yake kwenye mwanga wa taa, akanyoosha mkono.

"Baba, kalamu imeisha. Nipe mwingine."

Nikampa.

Nisalimie sana Shemeji, na mpwa wangu mkubwa pamoja na mkewe, mwambie mjomba wake anamngoja alete mtoto tumwone. Nisalimie wale mapacha, na yule jirani yako mpiga soga anayenitumia salamu kila mara ingawa hatujaonana. Wifi yako anakukumbatia, na anasema barua yako ijayo itakapofika ataigonga muhuri yeye mwenyewe. Meneja anakusalimu, Shangazi wake, na anataka kujua ndege wa kukuleta ataamka lini.

Mungu akutunze utokapo na uingiapo, akuongezee siku na watu wa kukuchekesha ndani yake, na atukutanishe sote tukiwa tumesimama kwa miguu yetu.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata unaponigombeza,

Baba Meneja